SGR yetu tuiite reli ya mwendo wa kasi?

Mkuu, umeuliza kama SGR, reli yetu mpya ya Tanzania, imekuwa reli ya mwendo wa kasi tangu mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka, uanze kazi. Bado. Nasema hivyo nikiwa abiria wake wa Dar–Dodoma, na basi nimeshalisahau kabisa.

Safari iliyopita nilikaa dirishani, nikawasha simu ipime mwendo. Mjini tulienda taratibu, tulipoiacha Pugu namba zikapanda: 120, 140, 158. Zikagota. Chai kwenye kikombe imetulia tuli. Mama niliyekaa naye akachungulia: "Mwanangu, ndiyo mwisho wake huo?" Ndiyo, mama. Njia yenyewe imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa.

Umoja wa Kimataifa wa Reli, UIC, unahesabu njia mpya kuwa ya kasi kuanzia 250, na ya zamani iliyoboreshwa kuanzia kama 200. (Hapa Dar tuseme "reli ya kasi", maana mwendokasi ni yale mabasi ya Kimara.) Japani walifungua reli yao ya kasi, Tokaido Shinkansen, mwaka 1964 kwa 210. Afrika walioanza ni Moroko: tangu 2018 treni yao ya Al Boraq inakimbia 320 kati ya Tangier na Kenitra.

Wengi wanaangalia pua ya treni. Angalieni njia. Mwendo ukiwa mara mbili, breki zina kazi mara nne, na kona lazima zinyooke mno. Kwa treni ya 300, nusu kipenyo cha kona ni kilomita kadhaa. Pitisha hiyo kwenye milima ya Kilosa uone mahandaki yatakavyoongezeka! Halafu dereva wa 300 hawezi kutegemea kusoma taa za pembeni, ishara zinamfuata mle mle chumbani kwake.

Jambo kubwa zaidi ni mizigo. Kona ya treni ya kasi inalazwa upande. Behewa zito linalopita polepole hapo linaelemea reli ya ndani na kuila. Ndiyo maana njia nyingi za kasi hazipitishi mizigo. Yetu imejengwa ibebe abiria na makontena ya bandarini pamoja, na kwa kazi hiyo 160 ni uamuzi sahihi kabisa. Uzio tunao, magari yanapita juu au chini, umeme ni volti 25,000, sawa na Tokaido.

Kwangu mimi, kunywa chai Dar na kula mchana Dodoma kunatosha.