Nimetolewa tezi dume, najiona nusu mtu

SWALI: Daktari, nina miaka 58, naishi Kampala. Miezi 5 iliyopita nilitolewa tezi dume kwa ajili ya saratani. Uume hausimami, na nikifika kileleni hakitoki kitu. Mwenzangu ni mwanamume, tuko pamoja miaka mingi. Ananivumilia, ila mimi ndiye ninayelala nimempa mgongo. Hospitali siwezi kusema ukweli. Nifanyeje?

JIBU: Pole ndugu yangu. Shahawa hazitarudi, nakwambia mapema usizisubiri. Karibu maji yote yale hutengenezwa na tezi dume na vifuko vya shahawa, navyo vimetolewa. Utamu wa kileleni unaweza kubaki hata pakiwa pakavu. Mkojo ukichuruzika wakati huo, jambo la kawaida, kojoa kabla.

Kusimama ni habari nyingine. Ikiwa mpasuaji aliziacha neva za kusimamisha uume, huamka polepole, kwa wengine mpaka miezi 18 au 24. Miezi 5 bado mapema. Sildenafil (Viagra), dawa ya kusimamisha uume, husaidia, lakini anayetumia dawa za moyo za aina ya nitrati asiiguse, presha itaporomoka. Ipo na pampu ya kuvuta damu iingie uumeni. Vipeperushi havitaji kwamba kuingiza nyuma kunataka ugumu zaidi kuliko mbele, kwa hiyo daktari akikuandikia "anasimama", huenda kwako bado haitoshi. Na kama wewe ndiye unayepokea, tezi ile ilikuwa sehemu ya raha yako. Hisia zitabadilika, na una haki ya kuihuzunikia.

Hofu yako ya hospitali naielewa. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta kifungu kilicholazimisha watu kuripoti wapenzi wa jinsia moja, lakini kifungo cha maisha kimebaki kwenye sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi hayo. Basi uliza habari za mwili, mtu usimtaje: "Daktari, njia ya haja kubwa imeshapona kiasi cha kuingizwa kitu?" Swali hilo huulizwa hata na mwenye bawasiri. Baada ya upasuaji wengi hushauriwa kungoja wiki 6 hivi. Aliyepigwa mionzi hungoja zaidi. Ukienda kupima PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume, pumzika kupokea wiki nzima kabla, tezi iwe ipo au haipo, mazoea hayo hayadhuru.

Huo mgongo sasa. Yeye hajui kama ni aibu au umemchoka. Mgeukie umwambie ni lipi.