Mama haoni tundu la sindano

SWALI: Assalaam alaykum. Mama yangu ana miaka 63 na anashona kofia tangu ujana wake. Siku hizi hukaa barazani mchana kutwa kufuata mwanga, na bado uzi haupiti kwenye tundu la sindano mpaka nimtungie mimi. Anasema anaona kama ukungu. Jirani amempa chupa ya dawa ya matone iliyobaki baada ya mumewe kutibiwa. Nina pia binti wa miaka 9 ambaye mwalimu wake wa skuli anasema hukosea kunakili ubaoni, na kichanga cha miezi 2 ambacho bibi yake hukitia wanja. Nianzie wapi, ilhali kipato chetu ni kidogo? – Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Nakuomba leo hii uiweke kando chupa hiyo. Baadhi ya matone yana dawa za jamii ya steroidi, ambazo huondoa wekundu na muwasho upesi hata mtu akadhani amepona, kumbe zikitumiwa muda mrefu bila ya uangalizi huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na hata kuleta mtoto wa jicho. Tena chupa iliyokwishafunguliwa na kutumiwa na mtu mwengine huweza kubeba vijidudu.

Kwa mama, tundu la sindano na ukungu yanaweza kuwa mambo mawili tofauti. Kila mtu akishapita miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, naye huanza kusogeza kazi mbali na uso. Hilo miwani ya kusomea hulimaliza. Ukungu, kwa umri wake, mara nyingi ni mtoto wa jicho, yaani lenzi yenyewe imepoteza uangavu wake. Hakuna matone wala majani yanayousafisha. Dawa yake ni upasuaji, ambapo lenzi iliyochakaa huondolewa na kuwekwa nyengine ya plastiki, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile. Nasisitiza apimwe na presha ya jicho, kwa sababu ugonjwa huo kwa kawaida hauumi, huanza kula uoni wa pembeni kidogo kidogo, na kilichopotea hakirudi, wakati aliyefungwa na mtoto wa jicho huweza kuona tena. Akikutwa nayo, wewe na ndugu zako pia mpimwe, maana hutembea katika ukoo. Ikiwa ana kisukari, macho yake yaangaliwe kila mwaka hata akiona vizuri.

Binti mfunike jicho moja kwa kiganja, umsimamishe upande wa pili wa chumba, asome tarehe za kalenda ukutani; kisha ubadilishe jicho. Jicho moja likishindwa na jengine likaweza, au yote mawili yakishindwa, apelekwe kupimwa. Miwani aliyopimiwa haiyadhoofishi macho, na inasikitisha kuona mtoto anaitwa mzito wa kusoma kumbe ubao haumfikii. Acheze nje mchana pia, kwani mwanga wa jua husaidia kuchelewesha tatizo la kutoona mbali.

Wanja kwa kichanga uachwe, mumweleze bibi kwa upole: aina nyingine zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Mkiona weupe ndani ya mboni yake, iwe kwa macho au kwenye picha, mpelekeni siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni saratani ya jicho. Akifikisha miezi 6, asikose matone ya vitamini A kliniki kila baada ya miezi 6 hadi miaka 5.

Ili kupunguza nauli, ulizeni hospitali iliyo karibu siku ya kliniki ya macho, mama na binti waende pamoja. Mama achukue kofia anayoishona pamoja na sindano yake, ili mpimaji ampimie miwani kwa umbali ule ule anaoishikia kazi.