Mwanangu, mpe mhusika wako kazi mkononi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Unauliza waandishi wakubwa wa zamani walifanyaje hata mhusika asiyetetereka akabaki mtu, maana wenzako waliosoma hadithi yako wanasema yule mjane wako hana moyo. Swali hilo nalipenda sana, nalijibu kwa furaha.

Msome Mwingereza Jane Austen katika riwaya yake Sense and Sensibility, ya 1811. Elinor, msichana wa miaka 19, anampenda Edward. Msichana mwingine, Lucy, anamnong'oneza kwamba yeye na Edward wamechumbiana kwa siri miaka minne sasa, na kwamba siri hiyo asiitoe. Hapo mwandishi mwingine angemwaga machozi kurasa tatu. Austen anawaketisha wote wawili mezani: Lucy anatengeneza kikapu cha urembo cha mtoto wa mwenyeji wao, Elinor anamviringishia vikaratasi vyake, na piano ya Marianne, mdogo wake Elinor, inawafunika wasisikike. Elinor anauliza maswali yake kwa sauti ya kawaida. Anayebanwa kifua ni msomaji, kwa kuwa yeye anajua kinachoendelea ndani.

Kisha anakaa kimya miezi minne. Siri ikifumuka, Marianne anaanza kushuku kwamba huenda hakupenda kwa dhati. Elinor anamjibu kuwa utulivu ule ameupata kwa kujilazimisha bila kukoma, tena kwa uchungu. Na siku anapojua kwamba Edward hakumwoa Lucy, anatoka chumbani karibu mbio, na mlango ukishafungwa anaangua kilio cha furaha. Bila mlango huo, mwanangu, wenzako wangemwita naye hana moyo.

Mrusi Tolstoy ana njia nyingine. Katika riwaya yake Vita na Amani yumo Kapteni Tushin, mtu mdogo wa umbo, asiye na sura ya shujaa. Mara ya kwanza tunamkuta amevua buti, na aibu imemshika mbele ya afisa mkubwa. Lakini kwenye mapigano ya Schöngrabern kati ya Warusi na Wafaransa, mwaka 1805, kikosi chake cha mizinga kinasahauliwa mbele ya adui, naye anaendelea kufyatua, kiko chake cha tumbaku mdomoni, kama aliyesahau kwamba kuna kufa. Mzinga mmoja amekwishaupa jina la kike kichwani mwake, Matvevna. Jioni anaitwa mbele ya jenerali aeleze kwa nini ameacha mizinga miwili. Taya linamtetemeka. Hata kusema kwamba askari wa kumlinda hawakuwepo anashindwa, kwa kuogopa kumponza mwenzake. Hapo ndipo nilipompenda. Tolstoy anajua kuwa anayetulia kwenye risasi anaweza kutetemeka mbele ya meza ya wakubwa. Hata Kutuzov wake, jemadari mkuu wa Warusi, aliyesinzia kwenye baraza la vita kabla ya mapigano ya Austerlitz, analia anapopata habari kwamba Napoleon ameondoka Moscow.

Kwetu yupo Karama wa Shaaban Robert, katika Kusadikika. Anashtakiwa, naye siku baada ya siku anawasimulia wakuu habari za wajumbe waliotumwa mbali, wakarudi wakafungwa. Utulivu wake uko katika mpangilio wa maneno yake, na namheshimu kwa hilo. Ila sijawahi kumwona akiwa peke yake, na kwa hiyo simjui kama ninavyomjua Elinor.

Sasa mjane wako. Sura ya pili umemwita "mtulivu" tena na tena, futa kote. Wageni wanapoleta habari ya deni, mwache achambue mchele, na aseme neno moja tu la kuwakaribisha. Kisha amua ni mbele ya nani hawezi kujizuia. Mimi ningemchagua yule shemeji yake mdogo, ambaye hadi sasa umemtumia kufungua lango tu. Ukimaliza kuiandika upya, nitumie sura nzima, hata kama haijanyooka.

Mama yako