Faili Kuisha Si Sawa na Kushindwa Kusoma

Wiki hii kijana mmoja wa Malindi ameniandikia: "Kaka, programu yangu ya lugha ya C inatoa jumla pungufu kuliko daftari, na hailalamiki popote." Ugonjwa huo naujua. Mwezi uliopita ulibisha hodi hapa Lamu, ukakuta mlango umefungwa.

Kuna kikundi cha wavuvi ninaowajumlishia rekodi za mizani. Huja na flashi: jina la mvuvi, changu, tafi au nguru, kilo ngapi, mstari kwa mstari. Safari hii flashi ilikuwa imeanza kufa. Programu yao ya zamani, iliyoandikwa na mtu mwingine, ilisoma kipande, ikachapa jumla, ikatoka kimya. Watu wangelipwa kwa jumla hiyo! Yangu ilikataa. Iliandika "imeshindwa kusoma rekodi.txt baada ya mstari wa 212", na jumla haikutoa. Mzee anayeshika daftari aliusoma mstari ule mara mbili, akaenda kuleta nakala nyingine.

Hao hao waliwahi kuniambia nina mbwembwe nyingi kwa kazi ndogo. Neno lile bado linaniuma.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. fgets, amri ya C ya kusoma mstari mmoja, hurudisha NULL (yaani hakuna kitu) faili ikiisha, na hurudisha NULL hiyo hiyo kifaa kikishindwa kusomeka. Mzunguko wa kusoma hukatika vilevile, kwa hiyo ukishatoka, uliza ferror, amri inayosema kama kusoma kulipata kosa. Ikijibu kitu kisicho sifuri, usichape jumla. Andika kosa kwenye stderr (njia ya makosa), maana stdout (njia ya matokeo ya kawaida) huenda inamiminwa kwenye faili nyingine, kisha toka na namba isiyo sifuri ili skripti inayokufuata ijue. Na usitegemee while (!feof(f)), yaani "rudia mpaka faili iishe": kusoma kukigoma, feof haiwi kweli, na programu inaweza kuzunguka hadi uizime mwenyewe. Kwa read(), amri ya mfumo ya kusoma, mambo yako wazi zaidi: 0 ni mwisho, -1 ni kosa. errno, inayobeba namba ya kosa, ikiwa EINTR, ni ishara tu ya mfumo imekukatiza, soma tena.

Anayejumlisha jasho la watu hana ruhusa ya kukisia. Uliza ferror kila mara, hata faili iwe ya mistari mitatu.

Huhitaji flashi mbovu ili kujipima. Kwenye Linux, ipe programu saraka (folda) badala ya faili: ./jumla < /tmp. Saraka hufunguka lakini haisomeki hivyo. Kijana wangu alijaribu jana usiku. Yake ikachapa 0 na kutoka kana kwamba mambo ni shwari. Leo asubuhi amenitumia msimbo mpya, na ferror imo.