Haki Isiyo na Daftari

Barua yangu ya kwanza ya kumtetea mtu ilikuwa na kurasa nne, na hadi leo nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa najitolea katika kituo cha msaada wa kisheria. Akaja mama mmoja, mwanawe ameshikiliwa na polisi siku ya sita, hajafikishwa mbele ya hakimu wala hajaambiwa kosa lake. Nikaandika kuhusu utu wa binadamu, nikataja Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, nikapamba kwa maneno makali. Wakili aliyenisimamia akaisoma yote bila kusema neno, kisha akaniuliza, "Sasa unataka mahakama ifanye nini?"

Sikuwa nimeandika.

Tangu hapo, mtu akija na kilio cha haki, hilo ndilo swali langu la kwanza, hata kabla sijamuuliza nani kamkosea. Mahakama haiponyi uchungu, inatoa amri. Mtu aachiwe. Nyumba isibomolewe mpaka shauri lisikilizwe. Fidia ilipwe. Sheria fulani itamkwe kuwa batili. Kila ombi lina mlango wake na uharaka wake. Kwa aliyeshikiliwa lipo ombi la kumtaka anayemshikilia amlete mbele ya jaji na aeleze anamshikilia kwa sheria ipi. Uzuri wake ni kwamba anayetakiwa kujieleza ni aliyefunga mlango, si aliyefungiwa. Kurasa zangu nne zikawa moja, na kijana akafikishwa mahakamani siku ya pili yake.

Azimio nililolitegemea ni tamko, si mkataba. Kinachozibana serikali ni mikataba zilizoiridhia, kama ule wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ulioanza kutumika 1976. Ibara yake ya 9 inampa kila aliyenyimwa uhuru haki ya kupinga jambo hilo mahakamani, na anayekamatwa kinyume cha sheria haki ya fidia. Lakini usianze huko. Anza na katiba na sheria za nchi yako, maana hakimu aliye mbele yako anazijua hizo kwanza.

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni vivyo hivyo. Yule mama hakuwa na elimu kubwa, ila alikuwa na daftari la shule la mwanawe. Kila alipokwenda kituoni aliandika tarehe, saa, jina la askari wa zamu na jibu alilopewa. Shauri la fidia lilipofunguliwa, upande wa pili ukadai kijana alishikiliwa siku moja tu. Wakili akalitoa lile daftari. Nimeona mashahidi watano wakiyumba kizimbani, ila karatasi iliyoandikwa siku ileile haiyumbi kirahisi.

Kwa hiyo andika leo, si ukishatulia. Kama umeumizwa, nenda kwa daktari kabla alama hazijafifia, na uombe maelezo yake kwa maandishi. Ukipeleka barua ofisini, nenda na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakikataa, andika jina la aliyekataa. Nyaraka halisi usimwachie mtu, hata mimi.

Na ripoti hata kama unaamini hakuna litakalofanyika. Wengi huniambia, "Walionidhuru siwajui, nitamshtaki nani?" Mwaka 1988 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua shauri la Velásquez Rodríguez, mwanafunzi aliyetoweka nchini Honduras. Ilisema serikali inawajibika kuzuia ukiukaji, kuuchunguza na kuwaadhibu wahusika, hata pale aliyetenda ni mtu binafsi au hajulikani. Namba ya jalada unayopewa ukiripoti ndiyo itakayoonyesha baadaye kwamba walijua, wakakaa kimya.

Kuna bwana aliyekuja na bahasha imeshabandikwa stempu, inakwenda Umoja wa Mataifa, Geneva. Hapo nyumbani hakuwa amefungua shauri lolote. Nilimhurumia, lakini bahasha ile ingerudi mikono mitupu. Kamati ya Haki za Binadamu ya kule, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha na ile ya Ulaya iliyoko Strasbourg zote zinataka kwanza umalize njia za ndani, isipokuwa njia hizo ziwe hazifai kitu au zinacheleweshwa kupita kiasi. Na hilo nalo utalithibitisha kwa barua zako zisizojibiwa. Siku pia zinahesabiwa: tangu Februari 2022 Strasbourg inatoa miezi minne tu baada ya uamuzi wa mwisho wa ndani. Arusha, raia hawezi kwenda moja kwa moja kama nchi yake haijatoa tamko la kuruhusu.

Jambo linalowaudhi wateja wangu ni kuambiwa kwamba haki nyingi zina mipaka. Serikali inaweza kubana maandamano, kwa mfano, ila lazima ioneshe sheria inayoiruhusu, sababu halali, na kwamba haikubana kuliko ilivyohitajika. Hilo la tatu ndilo linaloiangusha mara nyingi, kwa hiyo weka nguvu zako hapo. Utesaji hauna mjadala huo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji wa 1984 unaukataza hata wakati wa vita.

Ada ya wakili isikurudishe nyumbani kabla hujaomba msaada wa kisheria. Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya ilimpa ushindi Johanna Airey dhidi ya Ireland, kwa sababu haki ya kwenda mahakamani haikumfaa kitu akiwa hana uwezo wa kulipa wakili.

Ukishinda, omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa siku hiyohiyo, na uulize tarehe ya mwisho ya kuitekeleza. Wasipotekeleza, rudi mahakamani. Yule mama alisubiri fidia miezi kumi na minne, akiendelea kuandika katika daftari lilelile, jalada lake limeshashonwa kwa uzi. Ukurasa wa mwisho una tarehe ya malipo, na chini yake jina la karani aliyempa risiti.