Mbwa mwenye magamba puani na masikioni: steroidi isubiri biopsi

Mleta mada anaeleza kuwa mbwa wake ana magamba ya manjano puani, kuzunguka macho na masikioni, kwamba ametibiwa utitiri bila nafuu, na sasa ameshauriwa achomwe sindano ya steroidi (dawa inayotuliza uvimbe na kinga ya mwili). Jike wangu alianza hivyo hivyo, nyayo zake zikawa ngumu na kupasuka, na mwishowe ikathibitika kuwa ni pemfigasi foliasia, ugonjwa unaoongoza miongoni mwa magonjwa ya ngozi ya mbwa yanayotokana na kinga ya mwili kujishambulia.

Ningeomba sindano hiyo isubiri, kwa sababu steroidi hufifisha zile alama ambazo mtaalamu wa patholojia huzitafuta katika biopsi, yaani kipande cha ngozi kinachokatwa na kupimwa maabara.

Daktari wetu alianza na vipimo vya bei nafuu: alikwangua ngozi kutafuta utitiri wa Demodex, akachukua nywele na kuziweka maabara kuona kama fangasi wataota, kisha akatoboa kipele cha usaha ambacho hakijapasuka na kuukandamiza usaha wake kwenye kioo. Darubini ilionyesha neutrofili (chembe nyeupe za damu) nyingi, bakteria hawakuonekana, na katikati yake zilikuwamo seli za ngozi zilizoachana na kuwa za duara. Seli hizo hushikana kama matofali kwenye saruji. Kingamwili zinapoishambulia saruji hiyo, ambayo kwa mbwa wengi wenye ugonjwa huu ni protini ya desmokolini-1, seli hubanduka na kuelea katika usaha. Hata hivyo, ushahidi huo peke yake hautoshi, kwani fangasi wa Trichophyton na bakteria wa Staphylococcus nao huweza kuziachanisha.

Hapo ndipo biopsi inapohitajika, na ubora wake hutegemea sana mahali inapokatwa. Vipele hivi hupasuka upesi mno, hivyo jike wangu alibakizwa kliniki hadi kipya kilipojitokeza. Vipande kadhaa vikatwe pamoja na magamba yake (ambayo, ajabu, wengine huyasafisha kama uchafu), bila kusugua ngozi kwa spiriti, vihifadhiwe katika fomalini, na maabara iombwe pia rangi ya kuonyesha fangasi.

Mkague kinywa vilevile. Pemfigasi foliasia kwa kawaida haigusi kinywa. Vidonda vya fizi au ulimi humfanya daktari afikirie magonjwa mengine ya jamii hii, pemfigasi vulgarisi au pemfigoidi, ambayo malengelenge yake huanzia chini zaidi katika ngozi.

Ikiwa steroidi imekwisha kutolewa, mwulize daktari ni wiki ngapi zipite kabla ya kukata, na kama ni vidonge, usivikatishe ghafla bila maelekezo yake.