Usikimbilie Dar kabla hujaimaliza Kigoma

Mdogo wangu, umeuliza kama yule mwandishi mgeni aliyekuja darasani kwenu yuko sahihi kwamba simu yatosha kuanzia kazi ya uandishi wa habari, na kama ni lazima uhamie Dar ukimaliza diploma.

Kuhusu simu namuunga mkono, ila nusu nusu. Shuka mwalo wa Kibirizi alfajiri boti za dagaa zikirudi. Muulize mama anayeanika bei ya ndoo leo, mvuvi bei ya mafuta, kisha waliishije mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3 kuanzia Mei 15. Rekodi, piga picha, andika majina sawasawa. Hiyo ni habari ambayo mhariri wa Dar hana wa kumletea.

Zana za mtandaoni? Ikija picha WhatsApp inayodai boti imezama, usiirushe. Ipitishe Google Lens au TinEye uone kama ilishatokea kwingine, halafu mpigie mtu aliyepo mwaloni. Hatua hii ya pili wengi huiruka, na ndiyo yenye uzito.

Chaneli yako ya habari YouTube isubiri leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Diploma imalize, maana Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari inaidai.

Dar si lazima kwa sasa. Anza na redio za hapo, lakini malipo yaulize mapema: wawakilishi wengi wa vyombo vya habari mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka tu, na nauli ni juu yako.